Gwaride la kumbukumbu ya mashujaa wa vita: Asili yake na jinsi raia anavyoweza kuliunga mkono

KILA Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba, sauti ya tarumbeta husikika katika makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Ngong, jijini Nairobi. Wanajeshi husimama wima, mabalozi huinamisha vichwa, nao wazee wachache wenye nishani vifuani hujikokota hadi kwenye mnara kuweka mashada ya maua.

Mita chache kutoka hapo magari huendelea kupita kama kawaida. Wengi wa abiria walio ndani ya magari hayo hawajui kinachoendelea nyuma ya ua huo, wala hawajui kwamba huenda babu wa babu zao ni miongoni mwa wale wanaokumbukwa siku hiyo.

Hali hiyo inasikitisha kwa sababu askari wazee walioshuhudia Vita vya Pili vya Dunia wamebaki wachache mno. Watakapotoweka wote, gwaride litabaki mikononi mwa wale ambao hawakuvijua vita hivyo. Raia wasipolijua na kulienzi, litakuwa shughuli ya maafisa wa serikali na wageni wa kibalozi pekee.

Makala haya yanaeleza gwaride hilo lilikotoka, linawahusu akina nani, linavyoendeshwa, na mambo ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kufanya ili kuliunga mkono.

Chimbuko la kumbukumbu

Vita vya Kwanza vya Dunia vilisimamishwa barani Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Mwaka mmoja baadaye, Mfalme George V wa Uingereza aliamuru watu wote katika himaya yake wanyamaze kwa dakika mbili saa hiyo hiyo ili kuwakumbuka waliokufa.

Wazo la kunyamaza lilitoka Afrika. Mnamo 1918 wakazi wa Cape Town, Afrika Kusini, walikuwa na desturi ya kusimama kimya kila siku baada ya mzinga wa adhuhuri kulia, wakiwakumbuka vijana wao waliokuwa vitani. Sir Percy FitzPatrick, aliyekuwa mwanasiasa na mwandishi wa nchi hiyo, ndiye aliyependekeza desturi hiyo ifuatwe kote.

Maua mekundu ya popi yanayovaliwa kifuani yana historia yake pia. Yaliota kwa wingi katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyochimbuliwa na mizinga, na shairi lililoandikwa mwaka wa 1915 na John McCrae, daktari wa kijeshi kutoka Canada, likayafanya yajulikane duniani. Tangu 1921 maua ya bandia ya aina hiyo yameuzwa nchini Uingereza ili kuchanga pesa za kuwasaidia askari wa zamani na familia zao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka wa 1945, ibada kuu ilihamishiwa siku ya Jumapili ili kuwakumbuka waliofariki katika vita vyote viwili. Nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo, zingali na kumbukumbu hiyo hadi leo.

Wapagazi wa Kariakoo

Wengi hudhani vita hivyo vilikuwa vya Wazungu, na kwamba Mwafrika aliingizwa kwa bahati mbaya tu. Ukweli ni kwamba Afrika Mashariki ilikuwa uwanja wa vita tangu 1914 hadi siku ya mwisho, na hata baada ya siku hiyo.

Waingereza walishindwa vibaya mjini Tanga mnamo Novemba 1914. Mapigano makali yalifuata katika eneo la Taveta, vikiwemo vita vya kilima cha Salaita mnamo Februari 1916. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha majeshi yake mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Huko Ulaya bunduki zilikuwa zimenyamaza wiki mbili kabla.

Walioumia zaidi hawakuwa wenye bunduki. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na nyumbu waliotarajiwa kubeba mizigo. Ikabidi chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vibebwe na binadamu vichwani na mabegani. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo wapagazi zaidi walivyohitajika, kwani mpagazi naye alikula sehemu ya chakula alichokibeba.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mwaka wa 1915 iliyoiwezesha kuwalazimisha wanaume kufanya kazi hiyo. Wengi walichukuliwa vijijini kupitia kwa machifu, wakalipwa mshahara duni wa rupia chache kwa mwezi. Mwaka wa 1917 ukusanyaji huo ulizidishwa, na baadhi ya maeneo yakabaki na wanaume wachache tu wenye nguvu.

Inakadiriwa kwamba wapagazi wapatao milioni moja walitumiwa na upande wa Uingereza katika vita vya Afrika Mashariki, na kwamba karibu 100,000 kati yao hawakurudi makwao. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliangamizwa na malaria, kuhara damu, homa ya mapafu na njaa. Baadhi yao walilishwa unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa namna yao, na ndiyo asili ya majina Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Maelfu ya watu hununua nguo, vyondo na vyakula katika masoko ya mitaa hiyo bila kujua kwamba wanalitaja jina la jeshi la wabeba mizigo.

Kutoka Ethiopia hadi Burma

Katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana wapatao 100,000 kutoka Kenya walihudumu jeshini. Kikosi chao kikuu kilikuwa King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya. Walipigana na Waitaliano nchini Somalia na Ethiopia, wakapelekwa Madagascar, kisha wakavuka bahari kwenda kupambana na Wajapani huko Burma. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika Bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, hadi ikafika Mto Chindwin.

Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na manowari ya Japani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache. Takriban watu 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi.

Majina ya wanajeshi waliozama yamechongwa katika mnara ulio ndani ya makaburi ya Barabara ya Ngong. Mnara huo pia una majina ya wanajeshi waliofia Ethiopia, Somalia na Madagascar ambao makaburi yao hayajulikani. Kwa familia zao, mnara huo ndio kaburi. Hakuna mahali pengine pa kuweka ua.

Waliorudi salama hawakulipwa sawa. Nyaraka za kikoloni zilizoangaziwa na wanahabari mwaka wa 2019 zilionyesha kwamba bahashishi ya kuagwa jeshini aliyopewa askari Mwafrika ilikuwa kama thuluthi moja tu ya ile aliyopewa Mzungu wa cheo sawa.

Majina yaliyoachwa nje

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi ya wanajeshi katika nchi nyingi duniani, iliundwa mwaka wa 1917. Msingi wake mkuu ulikuwa usawa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, rangi wala dini.

Kanuni hiyo haikufuatwa katika Afrika Mashariki. Wakuu wa wakati huo waliamua kwamba askari na wapagazi Waafrika wakumbukwe kwa ujumla kupitia sanamu, badala ya kila mmoja kuandikwa jina. Ndipo zikasimamishwa sanamu za askari jijini Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920. Ile ya Nairobi, iliyo katika barabara inayoitwa sasa Kenyatta Avenue, ina maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, lakini haina jina hata moja la mtu aliyekufa.

Mnamo Aprili 2021, kamati maalumu iliyoteuliwa na Tume hiyo ilichapisha ripoti iliyokiri makosa hayo. Kamati ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Mfalme Charles III alipozuru Kenya kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 3, 2023, alifika katika makaburi ya vita ya Kariokor na kukutana na wazee waliopigana katika Vita vya Pili. Baadhi yao walipewa nishani mpya badala ya zile walizozipoteza. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, kupatikana na nishani ya Mwingereza kulikuwa hatari machoni mwa wapiganaji wa Mau Mau, na kuna waliozitupa ili kuokoa roho zao.

Kwamba kosa hilo linaweza kurekebishwa hata baada ya karne moja kumeonekana Afrika Kusini. Mnamo Januari 2025, mnara wenye majina ya Waafrika zaidi ya 1,700 waliohudumu bila silaha katika Vita vya Kwanza na kufa bila kaburi linalojulikana ulizinduliwa mjini Cape Town. Kila mmoja aliwekewa nguzo yake ya mbao yenye jina lake.

Mashujaa wa Kenya huru

Kumbukumbu haikomei kwenye vita vya wakoloni. Kenya ilipopata uhuru mnamo Desemba 1963, vikosi vya Keya vilivyokuwa nchini viligeuzwa kuwa Kenya Rifles. Tangu hapo wanajeshi wa Kenya wamehudumu katika vita vya Shifta kaskazini mwa nchi, na pia kulinda amani Namibia, Yugoslavia ya zamani, Sierra Leone na Sudan Kusini, miongoni mwa nchi nyingine.

Mnamo Oktoba 2011 waliingia Somalia kupambana na Al-Shabaab. Tangu 2012, tarehe 14 Oktoba huadhimishwa kuwa Siku ya Majeshi ya Ulinzi, ambapo waliofariki wakiwa kazini hukumbukwa kwa gwaride na mashada ya maua.

Shambulio la Januari 15, 2016 katika kambi ya El Adde ndilo lililowaletea Wakenya uchungu wa vita hadi sebuleni. Ibada ya kuwakumbuka waliouawa ilifanyika siku chache baadaye katika kambi ya Moi Barracks, Eldoret, ikihudhuriwa na Rais Uhuru Kenyatta pamoja na marais wa Nigeria na Somalia. Suala la idadi kamili ya waliokufa lilizua mjadala mkali, na likadhihirisha kwamba hata katika zama hizi jamaa za wanajeshi hutaka jambo lile lile ambalo jamaa za wapagazi walinyimwa: jina litajwe.

Msomaji asichanganye siku tatu zinazofuatana. Siku ya Majeshi ya Ulinzi, Oktoba 14, ni ya wanajeshi wa Kenya. Siku ya Mashujaa, Oktoba 20, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta, ni ya wapigania uhuru na mashujaa wa nyanja zote. Jumapili ya kumbukumbu mwezi Novemba ni ya waliofia katika vita vikuu vya dunia na vilivyofuata.

Majirani zetu wa Tanzania wana Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai. Mbali na mashada ya maua, viongozi wao huweka mnarani silaha za jadi kama vile mkuki, ngao, upinde na mshale. Hilo linaonyesha kwamba desturi iliyoletwa na wageni inaweza kuvikwa vazi la nyumbani.

Gwaride linavyoendeshwa

Kwa kawaida wageni huketi mapema. Kikosi cha heshima huingia kwa mwendo wa taratibu, nao wanajeshi wastaafu hukaribishwa kwenye nafasi zao. Viongozi wa dini mbalimbali huomba, kwa sababu waliokufa walikuwa Wakristo, Waislamu, Wahindu, Masingasinga na wafuasi wa dini za jadi.

Mpiga tarumbeta hupuliza wimbo wa kuwaaga wafu, kisha hufuata kimya cha dakika mbili. Tarumbeta hulia tena kwa mwito wa kuamka, ishara kwamba walio hai wanarejea kazini. Baada ya hapo mashada ya maua huwekwa, akianza mwakilishi wa serikali, wakifuata mabalozi, makamanda, vyama vya askari wa zamani na jamaa.

Raia aliyehudhuria hatakiwi kujua amri za kijeshi. Anatakiwa kusimama wakati wengine wanaposimama, kuvua kofia isiyo ya kidini, kuzima simu, na kunyamaza dakika zote mbili. Kupiga makofi baada ya tarumbeta si adabu, kwani hilo si tamasha.

Namna ya kuunga mkono

Msaada wa kwanza ni kuhudhuria. Gwaride lenye viti vitupu huwaambia wastaafu kwamba nchi imewasahau. Mzazi anaweza kumchukua mwanawe, na mwalimu anaweza kuomba nafasi kwa wanafunzi wachache wa somo la historia. Makaburi ya vita hayapo Nairobi pekee, kwani yako pia Taveta, Voi, Maktau, Nanyuki na kwingineko, na kuyatembelea hakuhitaji kungoja Novemba.

La pili ni usafiri. Wengi wa askari wazee huishi mashambani, mbali na miji ambako sherehe hufanyika. Familia, kanisa, msikiti au chama cha akiba na mikopo kinachomlipia mzee mmoja nauli, malazi na mtu wa kumshika mkono kimefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Waandalizi nao wakumbuke kivuli, viti, maji na vyoo vilivyo karibu.

La tatu ni mchango wa pesa. Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika lililoundwa mjini Cape Town mwaka wa 1921, limekuwa likiwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola walio maskini. Hata hivyo, mwananchi awe mwangalifu. Mchango utolewe kupitia vyama vinavyojulikana, na risiti idaiwe, maana matapeli hawana haya hata mbele ya kaburi.

La nne, ambalo huenda ndilo muhimu zaidi, ni kuokoa kumbukumbu zilizo nyumbani. Katika masanduku ya bibi na babu kuna vyeti vya kuachishwa kazi jeshini, nishani, barua na picha. Karatasi hizo zipigwe picha kabla mchwa hawajazila. Nambari ya jeshi, jina la kikosi na mahali alikotoka mhusika ni mambo matatu yanayoweza kulirudisha jina lake kwenye orodha. Tume ya Makaburi ya Vita imekuwa ikitafuta majina yaliyoachwa nje, na hupokea ushahidi wa familia.

Mahali pasipo na karatasi, wazee waulizwe. Katika jamii nyingi za Kenya watoto waliitwa majina ya matukio, na kuna marika yaliyotahiriwa ambayo yalikumbukwa kwa jina la vita au la njaa iliyofuata. Rekodi za namna hii hazipatikani London.

La mwisho ni kuwajali walio hai. Mjane wa mwanajeshi aliyeuawa Somalia anaishi mtaani miongoni mwetu, na watoto wake wanasoma na watoto wetu. Kumsindikiza anapofuatilia malipo ya marehemu, au kumtembelea siku ya kumbukumbu ya kifo, ni gwaride dogo lisilohitaji bendi.

Je, tunausifu ukoloni?

Wapo wanaouliza kwa nini Mkenya aheshimu vita vilivyopiganwa kwa ajili ya mfalme wa kigeni. Swali hilo ni la haki na halipaswi kubezwa.

Jibu ni kwamba kumkumbuka mpagazi aliyekamatwa kwa nguvu na kufia msituni hakumsifu aliyemkamata. Badala yake kunamuumbua. Aliyenufaika na usahaulifu wetu kwa miaka mingi ni yule aliyeona kwamba jina la Mwafrika halikustahili jiwe.

Isitoshe, baadhi ya waliovaa sare hizo ndio waliorudi kudai uhuru. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alihudumu Burma kabla ya kuingia msituni. Bildad Kaggia, mmoja wa Kapenguria Sita, naye alikuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili. Walimwona Mzungu akiogopa, akivuja damu na kufa kama mtu mwingine yeyote, na hawakuweza tena kuaminishwa kwamba yeye ni bwana kwa kuzaliwa.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Waliocheza ngoma hii hawakutunzwa kwao, na wengi hawakurudi kudai tuzo. Mwezi Novemba ukifika, dakika mbili za kimya hazimgharimu mtu chochote. Na yeyote aliye na sanduku la babu chini ya kitanda asingoje Novemba, alifungue leo.